Sura ya Tisa: Kushusha Ekzosi ya Pikapu Bila Kuikata

Gari likichoma lita moja ya petroli, linatoa karibu lita moja ya maji. Wenye magari wengi hawaliamini jambo hili mpaka wawashe gari alfajiri ya baridi kule Mbeya au Limuru, waone matone yakidondoka mdomoni mwa bomba la moshi. Maji hayo hayakuingia na mvua. Petroli ina haidrojeni, hewa ina oksijeni, na viwili hivyo vikiungua pamoja ndani ya silinda vinazaa maji, ambayo hutoka yakiwa mvuke. Dizeli nayo ni vivyo hivyo. Safari ikiwa ndefu na bomba likapata moto sawasawa, mvuke wote unatoka nje na hakuna madhara. Lakini gari la kwenda sokoni na kurudi, la kushusha watoto shuleni na kuzimwa, bomba lake halifiki joto hilo. Mvuke unageuka maji tumboni mwa sailensa, unakutana na mabaki ya salfa iliyokuwa kwenye mafuta, na tindikali nyepesi inaanza kula bati polepole.

Ndiyo sababu ekzosi nyingi huoza kutoka ndani kuja nje. Siku unapoona kitobo cha ukubwa wa shilingi, ujue ndani mambo yameharibika zamani. Watengenezaji wanalijua hili, na sailensa nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kitundu kidogo upande wa chini ili maji yapate pa kutokea. Nimewaona mafundi wakikiziba kwa kuchomelea, wakidhani ni kutu. Fundi akitaka kukiziba chako, mzuie.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipobana salfa kwenye dizeli isizidi sehemu 50 katika milioni, kuanzia Januari 2015, mabomba yetu yalipata nafuu kwa ndani. Kwa nje hayakupata. Pikapu ya Tanga, Mombasa au Unguja inapumua chumvi usiku na mchana, na ile inayobeba samaki ina adhabu ya ziada: barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanapenya kwenye mianya ya bodi na kudondokea bomba la moto. Katika magari ninayoyafahamu, hakuna yanayooza chini upesi kuliko hayo.

Sasa fikiria nati. Iko kwenye bolti iliyochongwa meno ya kuachiana nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Chuma kinapopata kutu kinavimba. Kutu inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Ile nafasi ndogo inajaa, kama maharage yaliyolowekwa ndani ya chupa, na nati inashikwa pande zote. Halafu kila siku inachomwa na kupoa, inachomwa na kupoa. Baada ya miaka kumi, ukiweka spana na kuvuta kwa hasira, kitakachokubali kwanza si meno ya nati. Ni shingo ya bolti, na bolti hiyo ikikatikia ndani ya manifoldi, kazi ya asubuhi moja inageuka kazi ya siku mbili.

Hapo ndipo unaposikia kauli maarufu ya gereji zetu, kuanzia Gerezani, Dar es Salaam, mpaka Kirinyaga Road, Nairobi: "Bosi, hii imekufa. Tukate tu."

Sura hii nzima ni jibu la kauli hiyo. Ekzosi ya pikapu inafunguliwa. Kukata kupo, na nitakuja kusema ni wakati gani kunafaa, lakini kuje mwisho, baada ya njia nyingine zote kushindikana. Sababu yangu si uzuri wa kazi. Watu hudhani ekzosi inashushwa pale tu inapokuwa mbovu, ilhali kwenye pikapu za kusukuma magurudumu ya nyuma bomba la mbele linapita kando na chini ya giaboksi. Ukitaka kubadilisha klachi, mara nyingi bomba lishuke kwanza. Gasketi ya manifoldi ikipasuka, lishuke. Katika safari hizo ekzosi yenyewe ni nzima. Kinachotafutwa kiko juu yake. Fundi akikata na kuchomelea mara ya kwanza, ameondoa kiungo kilichowekwa kiwandani ili kifunguliwe. Klachi ikiisha tena, hakuna nati ya kufungua, na lazima bomba likatwe upya. Baada ya kukatwa mara tatu bomba limepinda, viraka vimejaa, na gari linanguruma kijijini kote.

Tuipitie kidogo, ili ukiwa chini ya gari ujue unachokitazama. Kwenye injini kuna manifoldi, chuma kizito cha kusubu kinachokusanya moshi wa silinda zote. Chini yake linafungwa bomba la mbele kwa studi, yaani bolti zisizo na kichwa. Kwenye Toyota nyingi za zamani utakuta nati tatu, na spana ya kuzifungua huwa namba 14. Gari la petroli la miaka ya karibuni litakuwa na masega, lile pipa lenye vitundu vingi vidogo ndani yake, na kabla na baada yake sensa za oksijeni zenye waya. Pikapu kongwe ya dizeli isiyo na tabo, kama Hilux ya injini ya 3L au 5L, haina makuu hayo, na kwa kazi ya leo ndiyo ningependa uanze nayo. Kisha inafuata sailensa, na nyuma kabisa mkia, unaopanda juu ya ekseli ya nyuma na kushuka tena kutokezea pembeni.

Vyote hivyo vimening'inizwa kwenye chesisi kwa raba. Mtu asiyejua huona raba ni ubahili wa Wajapani na huagiza vishikizo vichomelewe moja kwa moja. Lakini chuma kikipata joto kinarefuka. Bomba la mita 3 likipanda joto kwa nyuzi 300 linaongezeka karibu sentimita 1, na injini nayo inatikisika kila unapokanyaga mafuta. Raba ndizo zinazolipa nafasi hiyo ya kucheza. Zifunge kwa chuma, na bomba litakwenda kupasukia mahali dhaifu zaidi, mara nyingi pale kwenye manifoldi.

Kazi ya kushusha inaanza jana yake. Jioni, gari likiwa limepoa, lala chini na brashi ya waya usugue kila nati utakayoifungua, hasa meno ya bolti yaliyojitokeza, maana nati itapita juu ya meno hayo ikitoka na uchafu wake wote utaingia ndani yake. Kisha pulizia mafuta ya kulainisha kutu. Kopo la WD-40 linajulikana kila duka la spea, na watu wengi huliona ndilo dawa ya kutu. Lilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, na herufi za jina lake zinasema hivyo hivyo. Linasaidia, ila yapo mafuta yaliyotengenezwa mahsusi kwa kupenya kutu ambayo yanalishinda. Fundi asiye na kopo lolote huchanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, na mchanganyiko huo unapenya vizuri. Mafuta ya breki nayo hutumika, lakini yanakula rangi. Paka, subiri, paka tena kabla ya kulala. Usiku mzima unafanya kazi ambayo mkono wako hauwezi.

Asubuhi, kabla ya kugusa chochote, hakikisha gari ni baridi. Manifoldi ya injini ya petroli iliyokuwa ikipanda mlima imebeba mizigo inaweza kupita nyuzi 700, na saa nzima baada ya kuzimwa bomba la mbele bado linaweza kuondoka na ngozi ya kiganja. Egesha mahali tambarare, weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini. Kama uwanja wako ni mchanga, kama ilivyo kwa gereji nyingi za pwani, tandika ubao mgumu chini ya jeki, la sivyo jeki itazama yenyewe badala ya kuinua gari. Ukishainua, weka stendi chini ya chesisi na uache jeki ipumzike. Jeki ni ya kuinulia. Haikuumbwa ishikilie gari juu ya mtu. Na matofali ya saruji, hasa yale yenye matundu, yasikaribie kazi hii kabisa. Tofali halipindi kwanza likakuonya. Linapasuka ghafla.

Pikapu ina faida moja hapa, iko juu. Nyingine huhitaji hata kuziinua kwa kufungua bomba la mbele. Ila mkia wa nyuma una mtego wake. Unapita juu ya ekseli, kati ya ekseli na sakafu ya bodi, na hata ukiisha kufungua kila kitu utakuta hautoki. Umefungwa na umbo lake mwenyewe. Hapa ndipo wengi wanapokimbilia grenda. Badala yake inua chesisi nyuma na kuiweka kwenye stendi, uiache ekseli ining'inie kwenye springi zake na magurudumu yaelee. Nafasi kati ya ekseli na bodi inaongezeka, na mkia ukizungushwa kidogo huku unavutwa nyuma utatoka wenyewe. Angalia tu paipu ya breki ya mpira inayoshuka kwenye difu isivutike kupita kiasi.

Kuhusu spana, nina msimamo mmoja mkali: tumia soketi ya pembe sita. Soketi za pembe kumi na mbili ni nyingi zaidi madukani na ni nyepesi kuingiza, lakini zinabana nati kwenye ncha za kona zake, na nati ya ekzosi iliyoliwa na kutu haina kona za kuchezea. Ikiteleza mara mbili inakuwa duara, na hapo umeshajiongezea kazi. Kama kutu imeilia nati mpaka namba 14 inalegea, jaribu kupigilia namba 13 kwa nyundo. Ikiingia kwa shida, ndivyo inavyotakiwa.

Halafu usianze kwa kufungua. Anza kwa kukaza. Ivute nati kidogo tu upande wa kukaza, mpaka uisikie ikitoa mlio mfupi. Mlio huo ni kutu ikivunjika. Sasa rudi upande wa kufungua, robo duara, ukaze tena kidogo, ufungue nusu duara, uongeze mafuta. Nenda na kurudi hivyo, na unga mwekundu utauona ukitoka kwenye meno. Fundi wa haraka atakucheka. Mwache acheke, wewe utakuwa na studi tatu nzima na yeye atakuwa anatafuta biti ya drili.

Nati ikikataa, ndipo moto unapokuja. Moto wa gesi ukiielekea nati yenyewe, na si bolti, nati inatanuka kabla ya bolti iliyo ndani yake, na ule mshiko wa kutu unalegea. Iache iwe nyekundu iliyofifia, zima moto, subiri wekundu uondoke, kisha ukaze na kufungua kama nilivyoeleza. Kuna ujanja wa wazee ambao bado haujapitwa: nati ikiwa imepashwa moto na haiwaki tena, gusisha kipande cha mshumaa kwenye meno. Nta inayeyuka na kuvutwa ndani yenyewe, mahali ambapo mafuta hayakufika usiku kucha.

Lakini moto chini ya gari una masharti, na hapa sina utani. Mafuta ya kupenya uliyopulizia jana yanawaka, kwa hiyo futa kwanza. Tazama tangi liko wapi, paipu za mafuta zinapita wapi, paipu za breki na waya ziko wapi. Kinga kwa bati na kitambaa kilicholowa. Kama unafanyia kazi kwenye shimo la gereji, kumbuka mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na unatulia shimoni kukusubiri. Weka ndoo ya mchanga au kizimamoto karibu na mkono, siyo ofisini. Na kama pana kuchomelea kwa umeme, chomoa betri kwanza, maana kompyuta ya gari la kisasa ni ghali kuliko ekzosi yote.

Utaratibu wa kufungua ni kulegeza maungio yote kwanza huku bomba likiwa bado limening'inia kwenye raba zake. Raba zinashikilia uzito, mikono yako inabaki huru. Sensa za oksijeni, kama zipo, chomoa plagi zake mapema. Sensa yenyewe inafunguliwa kwa spana namba 22 yenye mpasuo wa kupitisha waya, na hutoka vyema injini ikiwa na uvuguvugu kidogo. Usiliache bomba lining'inie kwa waya wa sensa hata dakika moja. Kisha weka jeki ya pili au gogo chini ya sailensa, na ndipo uanze kutoa raba, kuanzia nyuma kuja mbele. Raba ngumu ipake maji ya sabuni, ipinde kwa koleo, itateleza. Nati za kwenye manifoldi ziwe za mwisho kutolewa kabisa, na wakati huo awepo mtu wa kushika bomba. Sailensa iliyojaa maji na masizi ni nzito kuliko inavyoonekana.

Nilisema nitataja wakati wa kukata. Kama bomba lenyewe limeoza na litatupwa, likate bila huruma. Hakuna anayekupa tuzo kwa kufungua nati ya takataka. Kata bomba, kisha uishughulikie kwa nafasi flanji, ile sahani ya kiungo inayopitisha bolti. Nati iliyogeuka duara ipasue kwa tindo kali upande mmoja, itafunguka kama bangili, na bolti itasalimika. Studi iliyokatikia kwenye manifoldi ikiwa imebakiza hata milimita chache nje, fundi mzuri wa kuchomelea ataiwekea nati mpya juu, aichomelee kwa ndani, na ule moto wa kuchomelea wenyewe utailegeza. Unachokata kiwe ulikusudia kukitupa. Zaidi ya hapo, grenda ikae kwenye boksi lake.

Sasa bomba liko chini, na kama gari ni la petroli, ndipo fundi anapokujia na pendekezo. "Kaka, masega yako yameziba. Nikutolee, gari litakimbia. Wala sikudai hela."

Hiyo bure ndiyo inayopaswa kukushtua. Ndani ya masega mna kauri yenye vitundu vingi, na juu ya kauri hiyo imepakwa tabaka nyembamba ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Kazi yake ni kugeuza kaboni monoksaidi, mafuta yasiyoungua na oksidi za naitrojeni kuwa gesi zisizoua. Mfaransa Eugene Houdry, aliyehamia Marekani, ndiye aliyeyafanyia kazi masega mapema, miaka ya 1950, lakini kifaa chake hakikuweza kuenea kwa sababu moja: risasi. Tangu Thomas Midgley wa General Motors alipogundua mwaka 1921 kwamba kiasi kidogo cha risasi kinazuia injini kugonga, petroli ya dunia nzima ilikuwa na sumu hiyo, na risasi inafunika madini ya masega na kuyaua. Marekani ilipoyaingiza kwenye magari mapya ya mwaka 1975, ilibidi petroli isiyo na risasi iuzwe pia. Kwetu, nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006, na nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Tangazo lilitoka kwa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi.

Mwaka huo huo wa 2021 bei ya rodiamu ilipita dola 25,000 kwa wakia. Imeshuka sana tangu hapo, lakini wanunuzi wa masega chakavu hawajaondoka, na fundi anayekutolea bure anajua namba zao za simu. Gari halitakimbia kama alivyokuahidi. Taa ya injini itawaka kwenye dashibodi, sensa ya nyuma itaanza kulalamika, harufu itakufuata, na bomba tupu aliloweka litanguruma.

Masega kuziba kweli kupo. Dalili yake ni gari linalowaka vizuri, linasimama vizuri, lakini ukiliomba nguvu mlimani halina, na wakati mwingine pipa lenyewe linakuwa jekundu usiku. Kabla ya kukubali, jaribu jambo dogo: gari likiwa limepoa, fungua ile sensa ya mbele, moshi upate tundu la kupumulia, kisha liwashe na ulisikilize likivuta kwa muda mfupi. Nguvu zikirudi, kizuizi kiko nyuma ya tundu hilo. Au, bomba likiwa chini, ligonge kwa nyundo ya mpira. Likilia kama lina kokoto, kauri imevunjika. Yakiwa yamekufa, yauze wewe mwenyewe, na pesa hiyo uchangie mapya.

Sailensa nayo ina maadui wa aina hiyo, vijana wanaoamini kelele ni nguvu. Ndugu wawili, Milton na Marshall Reeves wa Columbus, Indiana, walipata hataza ya kifaa cha kupunguza kelele za injini mwaka 1897, wakati magari yenyewe yalikuwa bado ya kuhesabika, na mpaka leo wazo halijabadilika sana: moshi unapitishwa kwenye vyumba na mabomba yenye matundu, mawimbi ya sauti yanagongana na kufutana. Sina la kuongeza kwa anayetaka kuitoa, ila kwamba majirani zake wanalala mchana na usiku kama watu wengine.

Kuna jambo kubwa kuliko kelele, na ndilo linaloifanya ekzosi ya pikapu iwe tofauti na ya gari dogo. Pikapu hupakia watu nyuma. Waliokaa Dar es Salaam miaka ya 1980 wanayakumbuka magari ya chai maharage, abiria wakikaa kutazamana kwenye mabenchi nyuma ya pikapu, wamefunikwa kibanda cha mbao au turubai. Unguja na Pemba bado utayapanda magari ya namna hiyo. Vijijini, pikapu ndiyo gari la msiba, la harusi na la mgonjwa.

Gari linapokwenda, hewa iliyo nyuma yake inajizungusha na kurudi kuelekea bodi. Anayeendesha barabara ya vumbi analijua hili: vumbi halibaki nyuma, linapanda na kuingia ndani. Moshi unafanya hivyo hivyo. Mwaka 1992 madaktari Neil Hampson na Diane Norkool wa Seattle waliandika katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani habari za watoto 20 waliotibiwa kwa sumu ya kaboni monoksaidi baada ya kupanda nyuma ya pikapu. Watoto 17 walikuwa ndani ya kibanda kigumu kilichofungwa, watatu chini ya turubai. 15 walipoteza fahamu. Mmoja alifariki, mwingine akabaki na madhara ya kudumu ya ubongo. Katika magari hayo, ama ekzosi ilikuwa inajulikana kuvuja, ama mkia ulitokezea nyuma badala ya ubavuni.

Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Inajishika na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na anayeivuta huhisi maumivu ya kichwa, kichefuchefu na usingizi. Mtoto aliyelala nyuma ya pikapu safari ndefu, nani atamshangaa?

Kwa hiyo kurudisha bomba ni kazi nyeti kuliko kulishusha. Gasketi iwe mpya, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Imeshalaliwa mara moja, haitalala sawa tena. Nati za manifoldi ukizipata za shaba, zifunge hizo, kwa kuwa hazishikani na chuma kwa kutu. Meno yote yapake grisi ya shaba, na utakayefungua miaka mitano ijayo utajishukuru. Ning'iniza kila kitu kwanza bila kukaza, hakikisha bomba haligusi chesisi wala propela wala sakafu, ndipo ukaze kuanzia injini kwenda nyuma. Kisha washa gari likiwa baridi, mtu aweke kitambaa kilicholowa mdomoni mwa mkia kwa sekunde chache tu, nawe upitishe sikio kwenye kila kiungo. Penye kuvuja patapumua kama nyoka. Pakiwa na shaka, paka povu la sabuni. Baada ya siku chache za kutembea, kaza tena, kwa sababu gasketi mpya hujilaza.

Na mkia usiufupishe. Mafundi wengi, sehemu ya mwisho ikioza, huikata na kuliacha bomba limwage moshi chini ya bodi, karibu na ekseli. Gari linatembea, mwenye gari ameokoa pesa kidogo, na moshi wote unapanda kwenye mianya ya sakafu ambako abiria wamekaa. Ukiwa na pikapu inayobeba watu, inama leo uitazame: bomba lifike mpaka nje ya ubavu wa bodi, likiwa zima, bila tundu wala kiraka kinachovuja. Kama halifiki, usipakie mtu nyuma mpaka lifungwe jingine.